Saga Iliyotoa Maua

Jirani zangu, nyinyi wa Kabuchai na wengine wote mlio na watoto wakubwa nyumbani, sogezeni viti tuongee. Hadithi hii haina mchawi wala jini. Ina mzee mmoja mwema tu, na hapo ndipo penye shida. Mtu mbaya akikuharibia shamba, unajua la kumfanya. Mtu mwema akikuharibia, tena kwa mapenzi yake yote, utamfanya nini?

Mzee Wabwile alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, aliweka kiti karibu na ua wa barabarani, akawasha redio, akanywa chai ya maziwa mengi huku akiangalia miwa ya majirani ikitikisika kwa upepo. Mkewe, Edah, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Watoto wakubwa walikuwa na miji yao. Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, Nelima, msichana wa miaka ishirini na sita aliyesomea kilimo kule Mabanga. Cheti chake mzee alikitia fremu akakitundika ukutani, kando ya picha ya harusi.

Aliyepita barabarani akiwa na jembe au mzigo hakukosa salamu yake. "Pole na kazi." Wakata miwa, pole na kazi. Mama wa maziwa, pole na kazi. Hata vijana wanaoziba mashimo ya barabara kwa udongo ili madereva wawape chochote, aliwaambia pole na kazi, ingawa tunajua wao wenyewe ndio huyachimba mashimo hayo. Ukisimama, alikuita. "Kuja hapa. Lete kiganja." Alikipapasa kiganja chako kwa kidole gumba akitafuta sugu. Ukiwa nazo, unapewa chai. Ukiwa huna, unapewa chai vilevile, lakini na hadithi ya Kitale juu yake.

Hadithi ya Kitale sote tunaijua. Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne, Wabwile alitoka hapa na shati moja na viatu vya kuazima, akafika kwenye lango la ghala moja la mbegu za mahindi. Hapakuwa na barua, hapakuwa na kuhojiwa. Vijana walipanga mstari, nyapara akapita akisema neno moja tu: "Mikono." Wenye sugu wakaingia. Wenye mikono laini wakarudi kwao. Wabwile aliingia saa mbili, saa tatu alikuwa anabeba magunia, na hakutoka pale mpaka alipostaafu miaka thelathini na mbili baadaye. Kwa kazi hiyo alioa, akajenga, akasomesha watoto sita.

Sitamcheka mimi. Nikiikumbuka miaka ile, hata moyo wangu unalainika. Namwona bado akishuka barabarani Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mkate mrefu kwapani, na sisi watoto tunamfuata nyuma kwa sababu tunajua lazima atatukatia. Wakati ule kazi ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa unajulikana uko wapi. Ukiamka mapema ukaufikia, umeingia. Wabwile aliuona mlango huo kwa macho yake, kwa hivyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba umefungwa.

Sasa, Nelima akilima alivaa glavu. Jambo hilo lilimkera mzee kupita kiasi.

"Unalima na glavu kama daktari?"

"Zinasaidia, Baba."

"Lete kiganja. Ona hii. Ni kama ya padri. Mama yako alikupata msimu wa kulima, jembe bado iko na udongo, ndiyo nikakuita Nelima. Sasa si jina lote limeenda bure?"

Mwanzoni Nelima alicheka. Baadaye aliacha kucheka, akawa anavuta mkono polepole na kurudi shambani.

Miaka miwili kabla ya haya ninayowasimulia, mzee alimtuma Kitale. "Enda kwa lango ile ile. Usiombe mtu. Simama tu na uonyeshe mikono, wataona wenyewe." Nelima alikwenda, akalala kwa binamu yake, akarudi baada ya siku nne.

"Walisema nini?"

"Hakuna nafasi, Baba."

Mzee akasonya. Alijua moyoni kwamba msichana hakusimama vya kutosha.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, Nelima alimwomba robo ekari ya upande wa barabara, akapanda saga. Mnaijua saga, ile mboga chungu ambayo mama zetu walikuwa wanailaza kwa maziwa mpaka uchungu unaisha. Ilimea vizuri ajabu. Majirani wakaanza kuulizia lini itachumwa. Lakini Nelima hakuchuma hata jani. Saga ikapanda mpaka kiunoni, ikatoa maua, ikaanza kuning'iniza maganda membamba, naye akawa anaingia humo kila alfajiri, anang'oa mmea dhaifu huku na mwingine kule, anainua simu na kupiga picha. Mzee, kutoka kwenye kiti chake, aliona simu tu.

"Baba, hii ni ya mbegu," Nelima alimweleza. "Kuna Mama Waithera huko Kitale, anauzia wakulima mbegu za mboga za kienyeji. Amesema zikikauka vizuri, nitakuwa nampelekea kila msimu. Nimetafuta hii nafasi sana."

Mzee alicheka, akaupiga mguu wake. "Mimi nimekaa na mbegu miaka thelathini na mbili, na wewe unanifundisha? Mbegu ni mahindi. Inakaushwa kwa mashine, inatiwa dawa, inashonwa kwa gunia. Hiyo yako ni mboga imezeeka."

Nelima alimweleza mara ya pili, na picha za simu akamwonyesha. Mara ya tatu hakumweleza tena. Na niseme ukweli kuhusu mzee wetu: kusikia alisikia. Hakutia maanani, basi.

Nyinyi mnajua kwetu mambo yalivyo. Tangu zamani, mgeni akitaka kujua kama mji una mwanamke wa kazi, haangalii sufuria. Anaangalia mboga. Zikitoa maua shambani, hiyo ni nyumba ya watu wa kulala, na hakuna mtu atakayeuliza zaidi. Mzee alikuwa anapita kando ya robo ekari ile akiinamisha kichwa.

Jumatano moja ya mwezi wa Agosti, jirani yake Roselyne alisimama kwenye ua.

"Mzee, kina mama wa kanisa tunakuja kwako Jumamosi kwa maombi."

"Karibuni sana."

"Lakini hiyo saga, jameni. Imetoa maua mpaka imezaa. Watu wanauliza ati kama Nelima ni mgonjwa."

Alicheka, akaenda zake. Roselyne hana ubaya, mnamjua, mdomo wake hauna breki tu. Lakini maneno yale yalimkaa mzee kifuani siku mbili.

Ijumaa asubuhi Nelima alivaa vizuri, akafunga kitambaa kichwani. "Baba, nakwenda Kitale kuchukua turubai ya kukaushia. Jioni nitarudi na Mama Waithera, anataka kuona saga kabla nikate. Jumatatu nakata."

"Sawa," mzee alisema, naye anawaza: sasa aibu hii inaletewa mpaka wageni wa Kitale.

Nelima alipopotea barabarani, mzee alinoa panga.

Ndugu zangu, hakufanya kwa hasira. Ningependa mlijue hilo. Alifanya kwa mapenzi. Alijiambia, msichana wangu amechoka, hajui aanzie wapi, acha nimshike mkono mara moja aone. Akaanza kufyeka kutoka upande wa barabara, na baada ya mistari mitatu ule mwendo wa zamani ukamrudia. Mgongo ukauma uchungu ule mtamu ambao hakuusikia tangu Kitale. Jasho likamwingia machoni. Alikuwa na miaka sabini na moja, lakini saa nne ya asubuhi ile alikuwa na ishirini na moja. Akaibeba saga yote mafungu kwa mafungu akaitupa karibu na zizi. Kisha akamwita Levi, jirani mwenye plau ya ng'ombe.

Levi alisimama na fahali wake wawili, akaangalia mabua.

"Mzee, Nelima anajua?"

"Shamba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi."

"Haya," alisema Levi, "turime." Mnamjua Levi, herufi l kwake hugeuka r. Wakalima.

Kufikia saa tisa ardhi ilikuwa nyeusi, safi, na maharagwe yako ndani kwa mistari iliyonyooka. Mistari ya mwisho mzee aliipanda akiimba wimbo wa kanisa ambao Edah alikuwa anaupenda. Akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti chake kungoja kushukuriwa. Sidhani amewahi kuwa na furaha kama ile tangu mkewe afariki.

Pikapu kuukuu ilisimama kwenye ua. Mama Waithera, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, alibaki kwenye usukani. Nelima alishuka na turubai kwapani. Akatazama robo ekari. Akatazama upande wa zizi, ambako ng'ombe walikuwa wametafuna nusu ya lile rundo.

"Nimekufanyia kazi, mama," mzee alimwambia binti yake. "Maharagwe iko ndani tayari. Wewe ni kupalilia tu."

Nelima aliisogeza turubai vizuri kwapani. Kisha akasema, "Umefanya kazi mingi leo. Pole na kazi, Baba."

Akaingia nyumbani na turubai yake.

Mama Waithera alishuka, akaja mpaka ukingoni mwa shamba, akaokota ganda moja lililoponyoka wakati wa kubeba. Akalipasua kwa ukucha. Punje ndogo nyeusi zikamwagika kiganjani.

"Ilikuwa imebaki kidogo tu," alisema. "Mzee, nani alifanya hii?"

"Ni mimi. Huyu msichana nampenda, lakini kazi hajui. Sisi tulisimama kwa lango Kitale, tukaonyesha mikono..."

"Hiyo lango naijua. Mimi nauza mbegu ng'ambo ya barabara, tunaangaliana na hiyo lango." Mama Waithera aliyasema haya bila kupaza sauti. "Miaka miwili imepita, niliona msichana amesimama hapo siku nne. Jua ni yake, mvua ni yake. Kila gari ikiingia, yeye ananyosha mikono, hivi, viganja juu. Siku ya nne mlinzi alimwonea huruma, akamwekea sarafu ya shilingi ishirini kwa kiganja. Alidhani anaomba."

Mzee alivitazama viganja vyake mwenyewe.

"Nikamwita nikamuuliza, wewe mtoto unafanya nini hapo? Akaniambia, Baba yangu amesema wataona. Huko ndani siku hizi ni mashine, mzee. Hakuna mtu anatoka kuangalia mikono ya mtu. Na alinikataza nisikwambie. Lakini leo acha nikwambie."

"Na hii mbegu?" mzee aliuliza.

"Nilikuwa nimeahidia watu. Sasa nitachukua kwa mama mmoja wa Ndalu, na hiyo nafasi itakuwa yake. Si kupenda kwangu. Msimu haiwezi kungoja."

Nelima alitoka na begi moja. Hakugombana, hakulia mbele ya baba yake. Alisema atakaa Kitale amsaidie Mama Waithera kupepeta na kuchagua, kwa sababu hapa hana tena cha kufanya. Pikapu ikaondoka.

Jumamosi kina mama wa kanisa walikuja. Roselyne alisimama kwenye robo ekari, akashika kiuno. "Sasa hii ndiyo boma ya watu," alisema. "Hata nafsi inapumua." Wakaomba, wakaimba, wakamwombea mzee maisha marefu. Wengine wote waliitikia amina. Yeye hakuitikia.

Walipoondoka alikwenda zizini. Chini ya rundo, mahali ambapo ng'ombe hawakufika, palikuwa na mabua yaliyobaki na maganda yake. Akayashika, na hapo, jirani zangu, ndipo alipomkumbuka mama yake, Nakhumicha. Kila mwaka mama yule aliacha mimea mitatu ya saga karibu na jiko, ikatoa maua, ikakauka, akaifunga kwa kamba ya mgomba na kuitundika juu ya moto, kwenye moshi. Siku moja Wabwile, akiwa mdogo wa kama miaka saba, alikwenda kuchuma majani yake, mama akampiga mkono. "Wacha hiyo. Hiyo ni ya mwaka ujao." Hakuna mtu katika Kabuchai nzima aliyemwita Nakhumicha mvivu. Mzee alikuwa amelibeba jambo lile kichwani miaka zaidi ya sitini, na siku lilipohitajika hakulitoa.

Akaleta kiti, miwani na kopo tupu la majani chai. Alikaa pale siku nne akipasua ganda moja moja, kwa sababu punje za saga ni ndogo na vidole vyake ni vile vya kubebea magunia, vinene, havishiki kitu. Punje nyingi zilimponyoka zikapotea kwenye samadi. Aliitafuta kila aliyoiona ikianguka. Siku ya nne jioni kopo lilikuwa nusu.

Kesho yake alikwenda Kitale. Kabla ya kuvuka barabara alisimama kwenye lango lake la zamani. Lilikuwa limepakwa rangi nyingine. Mlinzi, kijana nadhifu, alimjia.

"Sasa, mzee. Unatafuta nani?"

"Nilifanya kazi hapa."

"Ni sawa. Lakini hakuna kazi, mzee."

Alikuwa ameambiwa kwa adabu, tena na mtu ambaye hakuwa na kosa. Lakini alibaki amesimama pale, kopo mkononi, na akajaribu kuzihesabu siku nne za mtoto wake, saa kwa saa. Hakuzimaliza. Akavuka barabara.

Nelima alikuwa nyuma ya duka, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani. Alikuwa anachagua mbegu bila glavu, maana punje hizo hutaka vidole vitupu, na mzee aliona ncha za vidole vyake zimekwaruzika zikawa nyekundu. Angeweza kusema lete kiganja. Hakusema.

"Pole na kazi, mama," alisema.

Mikono ya Nelima ikasimama juu ya ungo. Kwa miaka yake yote nyumbani alikuwa amelisikia neno lile likipewa wakata miwa na wachimba mashimo, na halikuwahi kumfikia yeye. Aliinua uso polepole.

"Asante, Baba. Karibu."

Mzee akampa kopo. "Nimeokota. Sijui kama ni nzuri. Nilikosea, Nelima. Uliniambia, nikakataa kusikia. Na ile siku ya lango, nilikutuma mahali sikujua pamefungwa."

Nelima alimwaga punje kidogo kiganjani, akazigeuza kwenye mwanga. "Zingine hazikukomaa. Nusu haitaota."

"Na nusu hiyo nyingine?"

"Hiyo itaota."

Msidhani alirudi nyumbani siku ile. Hakurudi. Nafasi yake ilikuwa imekwenda Ndalu, na mwaka mzima wa kijana haupatikani tena kwa kuombwa msamaha. Nelima bado yuko Kitale. Huja Kabuchai mara moja kwa mwezi, anakunywa chai na baba yake, anaondoka. Lakini Aprili iliyofuata walipanda pamoja zile punje za kopo, na saga ikaota kama alivyosema, nusu. Mama Waithera ameahidi kuja kuiangalia.

Sasa hivi ninavyowaambia, saga iko kiunoni, imetoa maua, na mzee ndiye anayeilinda. Juzi Roselyne alipita.

"Mzee, naona siku hizi umechoka. Mboga imekuzeekea shambani."

"Pita tu, Roselyne," mzee alimjibu. "Hapo kuna mtu yuko kazini."

Tunachojifunza

Wazee wenzangu, jasho letu lilikuwa la kweli, na hakuna atakayelifuta. Lakini tulipolimwaga, mlango ulikuwa wazi. Tusimpeleke mtoto kwenye lango lililofungwa, kisha akirudi mikono mitupu tumwite mvivu. Kazi hubadilisha sura. Inaweza kuwa imesimama mbele ya nyumba yako, imetoa maua, na wewe unaifyeka ukidhani unasafisha.

Nanyi vijana, msinyamaze mapema. Nelima alieleza mara mbili. Pengine ya tatu ingeingia. Na aibu mliyoipata kwa kutii wazazi wenu, msiifiche mfukoni miaka miwili. Tuambieni, hata kama tutasonya.

Jioni ya leo, ukimkuta mtoto wako ameinamia kitu usichokielewa, mwambie kwanza pole na kazi. Halafu ndipo umuulize ni kazi gani.